Wawili njiani, shanta mbili: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Tangu turudi Lamu, mimi na mume wangu hatupiti mtaa wa Langoni bila kuulizwa habari za ile safari ya msituni. Wifi yangu anakaa Virginia, Marekani. Tulipokwenda kumtembelea mwezi wa Mei tulitenga siku 12 tukatembea kipande cha Appalachian Trail, njia ndefu ya waendao kwa miguu, kinachopita ndani ya mbuga ya Shenandoah, kama kilomita 163. Njia nzima huanzia Georgia mpaka Maine, karibu kilomita 3,500, ikipita majimbo 14, na wanaoimaliza kwa safari moja wengi wao huchukua miezi mitano hadi saba. Sisi tulionja tu. Lakini siku 12 za kulala hema moja na kula sufuria moja zimetosha kunijulisha kuwa mengi tunayoambiwa sivyo yalivyo.

“Mume ndiye wa kubeba.”

Mama mkwe wangu aliona picha, akaguna: “Mwanangu alikuachaje ubebe shanta yote hiyo?” Najua ni mapenzi yake kwangu. Ila mume akibeba ya wawili, goti lake likimshinda siku ya nne, safari ya wote wawili imekwisha. Mzigo hugawanywa kwa nguvu na uzito wa mwili wa kila mmoja, ili jioni mfike mkiwa mmechoka sawasawa.

Na hapa ndipo wawili wana nafuu ya kweli. Anayetembea peke yake hubeba hema lake, jiko lake la gesi, sufuria yake na chujio lake la maji. Wawili wanatumia kimoja kimoja. Mume wangu alichukua hema, lenye kilo 2, na mimi nikachukua jiko, gesi, sufuria, chujio na dawa. Chakula tuligawana, kila mtu robo tatu ya kilo hivi kwa siku. Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba chakula hupungua kila jioni, hema halipungui. Siku ya tatu shanta yangu ilikuwa nyepesi kuliko yake, naye kanyamaza kimya. Tangu hapo kila asubuhi tulipima upya kwa mikono kabla ya kufunga mikanda.

“Mnakwenda bega kwa bega, mnazungumza.”

Njia yenyewe ina upana wa mtu mmoja. Fikiria kichochoro cha mtaa wetu wa Mkomani punda akiwa anapita na mchanga wa kujengea: mmoja mbele, mmoja nyuma. Tena kila mtu ana mwendo wake. Mume wangu ni mrefu, kwenye tambarare ananiacha. Mlimani mimi napanda polepole bila kusimama, nampita. Siku mbili za mwanzo tulilazimisha mwendo mmoja, mimi nikaumwa na magoti kwa kukimbizana naye, na yeye akachoka kwa kujizuia.

Tukapatana. Miti ya njia ile imepakwa mistari ya rangi nyeupe, upana sentimita 5 na urefu sentimita 15. Ukikuta mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, ujue njia inageuka au pana jambo la kuangalia. Penye mistari miwili, penye maji na penye barabara, aliyetangulia husubiri. Kwingine kila mtu na mwendo wake.

Hata hivyo tulikosea. Siku ya tano nilibaki nyuma, na chujio niko nalo mimi. Nilimkuta amekaa kwenye chemchemi, maji yanapita kati ya viatu vyake, chupa tupu mapajani na midomo imemkauka. Maji yale yanang'aa, lakini yanaweza kuwa na Giardia, kijidudu kinachoharisha mtu hata wiki kadhaa. Alinisubiri karibu saa nzima. Nilitetemeka kumwona vile. Baada ya hapo kila mmoja alibeba maji yake ya akiba, vidonge vya kusafishia maji, chakula cha mchana na tochi.

“Ni fungate ya pili hiyo.”

Mapenzi yapo, lakini hayafanani na yale ya kwenye picha. Mkifika kambini mmoja anasimamisha hema, mwingine anachota maji. Mnapika, mnakula, mnaosha sufuria. Kisha miguu. Malengelenge huletwa na joto, unyevunyevu na msuguano, na dawa ni kusimama ukihisi tu kisigino kinapata moto. Mimi nilipuuza. Usiku ule mume wangu aliuweka mguu wangu juu ya goti lake, tochi kaibana kwa meno, akapangusa kisigino taratibu, akapuliza pakauke, akabandika plasta na kuzikunja kingo zake kwa kidole gumba. Hatukusema neno. Katika miaka yetu ya ndoa sijui siku nyingine niliyohisi nimetunzwa namna ile.

“Dubu wangewala.”

Dubu weusi wapo. Tulimwona mmoja, akaenda zake. Penye vibanda vya wasafiri pana nguzo za chuma za kutundikia chakula, dubu wasifuate harufu, pamoja na sabuni, dawa ya meno, hata kichupa changu cha marashi. Wa kuogopwa zaidi ni kupe, maana huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoleta homa na maumivu ya viungo. Kila jioni tulikaguana nyuma ya magoti, kisogoni na ndani ya nywele, mahali ambapo mtu peke yake hajioni.

“Na sala je?”

Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na maji yakiwa ya kunywa tu, pana kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo. Lamu kibla chetu ni kaskazini. Virginia ni kaskazini-mashariki, tulitumia dira. Mwezi wa Mei jua huko linazama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo tulikusanya Isha na Magharibi, tukalala papo hapo.

“Ni mambo ya vijana.”

Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11, aliitembea njia hiyo yote peke yake akiwa na miaka 67.

Jirani yetu na mkewe sasa wanataka kujaribu. Tumewaambia waanze hapa, Shela kuelekea Kipungani, kama kilomita 12 za ufukwe, shanta zikiwa na uzito kamili. Watoke maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, na kila mtu awe na chupa zake. Mke ameshauliza nani atabeba hema.