Pancha: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo ndani ya tairi

Tairi kuukuu limepakwa chokaa na kusimamishwa kando ya lami, neno PANCHA limeandikwa kwa mkono, kompresa inanguruma chini ya mwembe. Dereva gani wa Afrika Mashariki asiyekijua kijiwe cha namna hiyo? Wengi wetu elimu yote ya matairi tuliyonayo tumeiokota pale pale, tukiwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri zamu. Mengi yanayosemwa hapo ni ya kweli, maana mtu anayeziba pancha tangu alfajiri hadi magharibi ameshika matairi mengi kuliko yeyote kati yetu. Lakini yapo pia yanayorudiwa kwa kuwa tu yanaingia akilini kirahisi, na baadhi yake ni ya hatari.

Ukiyachunguza utaona karibu yote yametoka sehemu moja: tunaliogopa tundu. Tundu la msumari ni jambo dogo. Cha kuuliza ni tairi limetembea umbali gani likiwa halina upepo wa kutosha.

"Twende nalo polepole, fundi si mbali"

Gari linabebwa na upepo. Mpira kazi yake ni kuuzuia upepo huo usitoke. Gari dogo la kawaida huweka karibu kilo 300 juu ya kila gurudumu. Upepo ukiisha, mzigo wote unaushukia ubavu wa tairi, nao unabanwa kati ya rimu na lami kila gurudumu linapozunguka. Tairi la 185/65R15, saizi iliyojaa kwenye magari madogo ya hapa kwetu, huzunguka zaidi ya mara 500 katika kilomita moja tu. Kwa hiyo ule umbali wa "hapo mbele tu" ni ubavu kukunjwa mamia ya mara, mpira ukisuguana na kuchemka mpaka nyuzi za ndani zinaanza kuachana. Kwenda polepole kunapunguza joto, lakini mikunjo inabaki ile ile.

Ndiyo maana fundi makini akishalitoa tairi kwenye rimu, kabla hata hajalitafuta tundu, anaingiza kiganja ndani na kukipitisha ubavuni pande zote mbili. Akikitoa kimejaa unga mweusi na vipande vya mpira, au akaona mstari uliochubuka umeuzunguka ubavu wote, basi hapo hakuna cha kuziba. Tundu lenyewe linaweza kuwa dogo kama ncha ya peni, haisaidii. Ubaya ni kwamba kwa nje tairi hilo mara nyingi linaonekana zima. Litajazwa upepo, litasimama vizuri, litakufikisha nyumbani, halafu siku nyingine litapasuka ukiwa kwenye mwendo wa 100, na watu watasema ni bahati mbaya tu.

Tairi likilala kabisa, libadilishe hapo hapo ulipo au mwite fundi aje. Mita chache za kulitoa gari barabarani hadi mahali salama hazina mjadala, tairi linanunuliwa. Na usiridhike na kuweka matawi ya miti au mawe barabarani peke yake. Usiku tawi halionekani mpaka mtu ameshalifikia. Weka pembetatu zinazoakisi mwanga, mbali na gari, na ukiondoka ondoa mawe yako.

"Ukiuona msumari, uchomoe upesi"

Ushauri huu umebaki tangu enzi za tyubu, wakati msumari ukiendelea kucheza ndani ulikuwa unaichana tyubu yote. Matairi ya magari madogo siku hizi karibu yote ni tyubulesi, yaani hayana tyubu: kwa ndani yana tabaka la mpira laini usiopitisha hewa, na tabaka hilo hukumbatia msumari ulioingia. Mara nyingi msumari wenyewe ndio unaoziba tundu, na upepo unavuja kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukiuchomoa uani kwako usiku huna kompresa wala kiraka, asubuhi utaamka na tairi lililolala.

Pima upepo kwanza. Kama bado umo, ongeza ufike kipimo chake, nenda kwa fundi, umuoneshe ulipo. Hata yeye asiuchomoe kabla ya kupaka maji ya sabuni, kwani misumari mingi mifupi huishia kwenye kashata, ule mpira mnene unaokanyaga barabara, bila kufika ndani. Kama hakuna povu, huenda hakuna pancha yoyote, na kumchokonoa mzima kwa bisibisi ni kumtafutia ugonjwa.

"Kamba ikishaingia, tairi limepona"

Hapa watu wamegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba kamba ni tiba ya kudumu, na wapo wanaosema ni ulaghai. Wote wamezidisha.

Unaijua kazi yenyewe. Msumari unatolewa kwa koleo, tundu linasuguliwa kwa chuma chenye meno, kamba ya mpira iliyolowa gundi inapitishwa kwenye tundu la sindano nene yenye mpini, inasukumwa ndani kwa uzito wa mwili, sindano inavutwa ghafla, kamba inabaki. Mkia unakatwa kwa wembe, mate kidogo au maji ya sabuni juu yake, hakuna povu, umeshalipa na umeondoka. Gurudumu halikutolewa hata kwenye gari. Kwa kuzuia upepo usitoke, kamba inaweza, na iliyowekwa vizuri hukaa muda mrefu.

Tatizo ni kile ambacho hakikutazamwa. Hakuna aliyeingiza kiganja ndani. Hakuna anayejua kama msumari uliingia wima au kwa mshazari ukaelekea ubavuni, wala kama tairi hilo lilitembezwa bila upepo jana yake. Kamba inafaa kukutoa porini Mikumi ukafika mjini, na ukishafika, lifungue tairi.

Kiraka cha ndani peke yake nacho kina kasoro yake, na hii huwashangaza wengi. Kinazuia upepo kwa ndani lakini tundu linabaki wazi kwa nje. Maji ya mvua na matope yanaingia humo mpaka kwenye nyaya za chuma zilizofumwa chini ya kashata. Nyaya zikipata kutu, mpira unaanza kujibandua kutoka kwenye chuma, polepole, bila dalili ya upepo kupungua. Kazi inayokubalika na watengenezaji wa matairi inajumuisha vyote viwili: tairi linatolewa kwenye rimu, linakaguliwa ndani, tundu linajazwa mpira, na kiraka kinabandikwa juu yake kwa ndani. Kipo kiraka maalumu chenye umbo la uyoga kinachofanya kazi hizo mbili kwa mpigo: shina linajaza tundu, kofia inaziba. Uliza kama fundi wako anacho. Baadhi ya vijiwe vya mjini vinacho, ila hawakitoi bila kuulizwa, kwa sababu mteja aliye mbele yao ana haraka na anataka ya bei ndogo. Hilo si kosa la fundi.

Hata uyoga una mipaka yake. Kwa matairi ya magari madogo, kipimo kinachofuatwa Marekani ni tundu lisilozidi upana wa milimita 6, na liwe kwenye uso unaokanyaga barabara. Viraka viwili visipandiane.

"Ubavu nao unazibika, tafuta fundi mzuri tu"

Hauzibiki. Ubavu hauna zile nyaya za chuma zilizolala chini ya kashata; una nyuzi za kitambaa na mpira, na unajikunja na kujinyoosha muda wote gari linapotembea, hata tairi likiwa na upepo kamili. Kiraka kilichobandikwa hapo kinavutwa kila mzunguko mpaka kiachie. Kwenye bega la tairi, pale kashata inapokutana na ubavu, ni vivyo hivyo. Na tairi lililotoa nundu ubavuni baada ya kugonga shimo halina pancha kabisa: nyuzi zimekatika, kinachouzuia upepo ni mpira mtupu. Hilo litoe leo.

"Tyubulesi ikisumbua, ivalishe tyubu"

Suluhisho hili limeenea mno, na naelewa kwa nini: tairi jipya ni fedha nyingi, tyubu ni kidogo. Lakini angalia kinachotokea. Ndani ya tairi la tyubulesi mara nyingi kuna mistari na maandishi yaliyoinuka, kwa sababu halikutengenezwa lisuguane na kitu. Tyubu inasuguana nayo safari nzima na kuongeza joto. Mara nyingi saizi nayo hailingani. Tyubu kubwa inakunjwa ili iingie, na penye mkunjo ndipo inapoanza kuchanika. Isitoshe, umeipoteza faida kubwa ya tyubulesi, ile ya kuvuja taratibu. Tyubu ikitoboka, upepo unaweza kuisha ghafla, usukani ukiwa mkononi.

Kama tairi lilikuwa na mpasuko, tyubu haijautibu. Imeuficha tu. Na kama lilikuwa linapungua upepo bila tundu lolote kuonekana, huenda tairi halina kosa: valvu imechakaa, au rimu imeota kutu pale tairi linapokaa. Maji ya sabuni kwenye valvu na kuzunguka ukingo wa rimu yatatoa jibu kwa bei ya kipande cha sabuni.

"Safari ndefu na jua kali, punguza upepo lisije likapasuka"

Kati ya yote, hili ndilo ningependa life kwanza. Mantiki yake inavutia: hewa ikipata joto inatanuka, tairi linajaa, linapasuka, basi tupunguze mapema. Ni kweli hewa inatanuka. Joto likipanda nyuzi 10, upepo wa gari dogo huongezeka kama psi 1.5 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), na baada ya mwendo mrefu kukuta zimepanda 4 hadi 6 ni kawaida. Waliolitengeneza tairi walilijua hilo, na vipimo vyao vyote ni vya tairi lililopoa.

Kinachopasua matairi ya safari ni kinyume chake. Tairi lenye upepo pungufu linabonyea zaidi, ubavu unajikunja zaidi, mikunjo inazaa joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi. Ni kisa kile kile cha kutembea na pancha, ila hiki kinakwenda taratibu na dereva haoni. Gari likiwa limejaza abiria na mizigo, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Anayesimama Chalinze na kutoa upepo kwenye tairi la moto anapoondoka analo lililopungua, na kadiri linavyopoa linapungua tena. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, na ukikuta umepanda njiani uache.

Kipimo sahihi hakiko kwenye tairi. Namba iliyoandikwa ubavuni, 44 au 51 psi, ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, na tairi hilo hilo linaweza kufungwa kwenye magari tofauti kabisa. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna stika. Magari mengi yetu yametoka Japani, hivyo utakuta imeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. 230 kPa ni kama psi 33, na 220 ni kama 32. Iandike kwenye simu, maana kijana wa sheli atakuuliza "ngapi?" na wewe utamjibu "we jaza tu".

"Naitrojeni haipati pancha"

Msumari haujui ndani kuna hewa gani. Hewa ya bure ya kompresa tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ile ya kulipia ni kavu na hupungua polepole kidogo zaidi. Faida ndiyo hiyo.

"Spea ipo, haijawahi kutumika, ni mpya"

Mpira unazeeka hata ukiwa kwenye buti. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, hata kama kashata zake bado zina vinyweleo. Ile spea nyembamba ya magari ya Kijapani ina mambo mawili zaidi yaliyoandikwa juu yake ambayo hayasomwi: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni 420 kPa, yaani kama psi 60. Wengi huikuta na nusu ya hapo siku wanapoihitaji. Baadhi ya magari hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa ya kuziba pancha na kompresa ndogo. Ukitumia dawa hiyo mwambie fundi kabla hajafungua, la sivyo itamrukia usoni.

Halafu nati. Wapo wanaoamini lazima upande juu ya spana na kuruka ndipo gurudumu likae. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103, ambazo kwenye spana ya sentimita 30 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 hivi. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye mpini huo amezidisha maradufu. Stadi, zile bolti zinazoshika nati, zinavutika, na pancha ijayo itakukuta njiani na nati isiyofunguka. Zikaze kwa mkono, kwa mtindo wa nyota (moja, kisha iliyo mkabala nayo), bila kupaka grisi, kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzipitie tena.