Si Kila Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi Hurusha Mawe

Taja Chuo Kikuu cha Nairobi ndani ya matatu, hutakosa wa kusema: "Wale warusha mawe!" Inaniuma kila nikisikia. Sifa hiyo ina chanzo: kampasi kuu iko hatua chache tu kutoka katikati ya jiji, hivyo mgomo ukizuka pale, jiji zima huuona. Lakini chuo si kampasi hiyo pekee. Anayesomea udaktari wa mifugo yuko Kabete na ng'ombe wake, wa ualimu yuko Kikuyu, wa udaktari yuko kwenye wodi za Hospitali ya Kenyatta. Vurugu za mjini wengi wao huzisikia redioni. Hata Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, alipata shahada ya uzamivu chuoni humo mwaka 1971, kisha akafundisha humo humo.