Shefu anayefokea watu hukosa habari

Kampuni ya hapa Lubumbashi ikiniita kuangalia hali ya wafanyakazi wake, kwanza ninaomba daftari la kasoro na ajali ndogo: kidole kilichobanwa, mkanda uliokatika, bomba linalovuja. Mara nyingi patroni hunionyesha kurasa tupu kwa fahari. Mimi kurasa hizo hunitia hofu. Karakana yenye vyuma, moto na tindikali haipiti miezi mitatu bila jambo. Kama hakuna lililoandikwa, watu wameamua kunyamaza.

Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache, kumbe ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Wauguzi wa timu hizo walisema walipokosea kwa sababu hawakuogopa kuaibishwa. Kwingine makosa yalifichwa.

Kwa kampuni zetu zinazohudumia migodi, hasara kubwa ya matusi iko hapo. Fundi wa zamu ya usiku anasikia pampu ikilia vibaya. Juzi mwenzake aliyetoa taarifa kama hiyo aliitwa mjinga mbele ya timu nzima. Basi huyu anamaliza zamu, anavua kofia, anapanda basi la Katuba. Asubuhi pampu imekufa, kazi imesimama, na shefu anafoka tena, na kwa kufoka huko anafanya kasoro ijayo nayo ifichwe.

Mwili nao unalipa. Anayedharauliwa kila siku huishi kama anayesubiri kupigwa: moyo mbio, shinikizo la damu juu, usingizi wa vipande vipande. Kesho yake mkono unakosea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua uchovu wa kazini kuwa hali itokanayo na kazi, ingawa haliuiti ugonjwa: nguvu kuisha, kuichukia kazi, kujiona huwezi tena. Nyumbani hujulikana mapema kuliko ofisini. "Baba watoto akirudi haongei," mama mmoja aliniambia.

Wenye ujuzi huondoka kwanza, maana wanajua Likasi au Kolwezi, miji mingine ya migodi, kuna wa kuwachukua.

Mashefu nawaomba jambo moja gumu: mtu akileta habari mbaya, uliza "umeiona lini?" kabla ya "nani amefanya?"

Kwa wanaovumilia, siwalaumu; mshahara mmoja hapa hulisha nyumba nzima. Ila jueni kwamba Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu unyanyasaji wa kingono au wa kisaikolojia, vitisho na matusi mazito ya mwajiri kuwa kosa kubwa, na mfanyakazi anaweza kuvunja mkataba bila notisi. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Ukiletewa barua ya kujiuzulu uisaini, usishike kalamu kabla mjumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, hajaisoma.