Vipimo vyote vimetoka safi, mbona bado naumwa? Maswali kuhusu sonona na maabara

Sonona ni nini?
Ni ugonjwa wa akili unaotibika. Mtu anakuwa na huzuni nzito, au anapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hayo usingizi unavurugika, chakula hakipiti, mwili unachoka bila kazi, akili haitulii, anajiona hana thamani, wengine wanawaza kifo.

Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona?
Hakuna. Hapa Dodoma hakuna, India hakuna, Marekani hakuna. Anayekuuzia kipimo hicho anakula hela yako.

Lakini nimesikia wanasayansi wanakitafuta.
Wanakitafuta kweli, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bernard Carroll walipendekeza kipimo cha homoni ya kotisoli: mgonjwa anameza usiku dawa ya deksamethasoni, ambayo kwa kawaida hushusha kotisoli, kesho yake anapimwa damu; kotisoli isiposhuka, inahesabiwa ni dalili ya sonona. Kilipotumika kwa watu wengi, wagonjwa wengi wa sonona walionekana wazima, na watu waliopungua uzito au wenye maradhi mengine wakaonekana wana sonona. Baadaye zikapimwa protini za damu zinazopanda mwili unapopambana na maradhi au jeraha, kama ile iitwayo CRP. Kwa takriban robo ya wagonjwa wa sonona imepanda, lakini inapanda pia kwa malaria, kwa kidonda, hata kwa unene. Vinasaba navyo ni vingi, na kila kimoja kinachangia kidogo mno. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti ndogo ukilinganisha makundi ya watu, ila haziwezi kukuambia wewe uliyelala kwenye mashine kama unaumwa. Utafiti uendelee, una faida. Wewe usiusubiri.

Sasa kwa nini daktari alinitoa damu?
Kutafuta magonjwa yanayofanana na sonona au yanayoichochea: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, VVU. Basi.

Yote yametoka safi. Si ina maana mimi ni mzima?
Hapana. Majibu safi yanasema huna magonjwa yaliyopimwa. Hayasemi huna sonona. Nalirudia hili kila siku kliniki, na kila siku anakuja mwingine.

Alikuja mama mmoja, mkulima wa alizeti kutoka upande wa Kongwa, na mfuko umejaa karatasi za maabara. Alizipanga mezani moja moja: malaria hakuna, sukari ya kawaida, ultrasaundi ya tumbo safi, eksirei ya kifua safi. Kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili mzima unauma. Nikamuuliza, "Mama, usiku unalala?" Akanyamaza, kisha akasema, "Naamka saa tisa, nakaa tu mpaka jogoo." Tangu lini? Tangu kabla ya masika. Mbuzi walikuwa wameuzwa kulipia vipimo, na hakuna aliyemuuliza swali hilo moja.

Mimi naambiwa taifodi kila mwezi.
Taifodi ya kila mwezi, kila mwezi sindano? Kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal kinaweza kusoma chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Ukishatibiwa mara mbili na uchovu uko palepale, acha kununua antibayotiki duka la dawa. Nenda ukaulizwe habari za usingizi na mawazo.

Bila kipimo mnajuaje?
Kwa kukuuliza na kukusikiliza. Kuna dodoso la maswali tisa, lipo kwa Kiswahili na limeshatumika Tanzania: linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na swali la mwisho ni kama umewaza kufa au kujidhuru. Jibu kweli. Ukituficha, hakuna mashine itakayokusemea. Nanyi mnaomsindikiza mgonjwa, tafadhali msimjibie.

Nikienda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, si nitaitwa chizi?
Watu wa mji huu wamelifanya jina la hospitali hiyo kuwa tusi, na tusi hilo linachelewesha wagonjwa. Inaniuma. Si lazima uanzie huko: anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, useme wazi, "Silali na sina hamu ya kitu." Ukipewa rufaa ya Mirembe, nenda. Wengi wanatibiwa kama wagonjwa wa nje na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nimemeza dawa siku tano sioni kitu.
Dawa kama fluoksetini au amitriptilini huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, na ukipata nafuu unaendelea miezi sita au zaidi. Usiache mwenyewe. Mazungumzo ya tiba na mshauri nayo ni matibabu kamili.

Lini nisingoje hata kesho?
Mtu akisema afadhali afe, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, au mama aliyejifungua akiwaza kumdhuru mtoto. Msimwambie aache utani, wala msimpeleke kwanza kupimwa malaria. Ondoeni ndani viuatilifu vya kuhifadhia mahindi, kamba na vidonge. Asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali iliyo karibu usiku huohuo, hata kwa bodaboda, akae katikati ya dereva na ndugu yake.