"Isivyo halali": neno dogo kwenye sheria ya kutoa mimba

Uliza pale soko la Kilombero, hapa Arusha, kama kutoa mimba kunaruhusiwa Tanzania, utajibiwa upesi: marufuku, unafungwa. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamshika anayeharibu mimba "isivyo halali", halafu haielezi popote kwa uwazi iliyo halali ni ipi. Neno hilo moja ndilo linalowasumbua madaktari, na kijana ndiye anayeumia zaidi.

Adhabu zenyewe zimeandikwa bila kigugumizi. Anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa hadi miaka 14, na hapa kuna jambo wengi hawalijui: hata kama mwanamke hakuwa na mimba kabisa, nia peke yake inatosha. Mjamzito anayejitoa mwenyewe, miaka 7. Anayempatia dawa au kifaa huku akijua ni cha kazi hiyo, miaka 3. Rafiki yako akikutuma dukani, nawe ukajua vidonge ni vya nini, umeshaingia.

Mwanya upo kifungu cha 230. Anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu wa kitaalamu ili kuokoa maisha ya mama hana kosa. Lakini "maisha" yanaishia wapi? Maneno haya tuliyarithi kwa mkoloni, na Waingereza wenyewe yaliwatatiza. Mwaka 1938 daktari Aleck Bourne alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari jijini London, kisha akawataarifu wakubwa ili ashtakiwe. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kumwokoa mama ni pamoja na kutomwacha avunjike mwili na akili, na daktari akaachiwa. Wanasheria wa huku wanaitaja kesi hiyo hadi leo. Uingereza ilitunga sheria mpya mwaka 1967. Sisi tumebaki na maneno ya zamani, na daktari wa zamu usiku hana muda wa kusoma kesi za London. Akiwa na shaka, atakwambia hapana. Simlaumu sana.

Sasa tuseme kuna binti wa miaka 16, anakaa Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, yuko kidato cha tatu. Vifungu hivyo havitaji umri wala kubakwa, hata mimba ya baba mzazi havikuitaja. Utoto wake haumpunguzii chochote mbele ya sheria ya mimba. Unamwongezea vikwazo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 yeye ni mtoto, hivyo hospitali itamuuliza mzazi yuko wapi. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwenye mimba hakuna aliyegusa kitu.

Halafu kuna hili la jalada la polisi. Kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali, na mtu mzima akitiwa hatiani anakabiliwa na jela isiyopungua miaka 30. Maana yake tumbo la binti huyu ni ushahidi. Akienda kwa daktari, anaweza kuwa anampeleka mtu polisi, na mtu huyo mara nyingi si mgeni: ni mjomba, ni jirani, ni bodaboda anayemwahisha shuleni kila asubuhi. Nyumbani ataambiwa, "Nyamaza mwanangu, tutayamaliza wenyewe." Sheria iliyokusudiwa kumlinda inageuka sababu ya kufichwa.

Kuna kitu kimoja kisicho na utata, na natamani kingebandikwa kwenye kila daladala: mimba ikishaharibika, kwa njia yoyote ile, kumtibu mgonjwa si kosa. Damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali. Kusafishwa ni matibabu halali. Wengi wanachelewa kwa sababu wanadhani nesi ataita polisi.

Arusha ina kichekesho chake katika habari hii. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inataka mimba iruhusiwe kutolewa pale mama alipobakwa, alipopewa na ndugu wa damu, au afya yake ya mwili au akili ikiwa hatarini. Kenya iliweka pingamizi kwenye ibara hiyo. Sisi hatukuweka, ila pia hatukuiingiza kwenye sheria zetu za ndani, kwa hiyo haimkingi daktari mahakamani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye uwezo wa kuitafsiri itifaki hiyo, makao yake yako hapa hapa Arusha. Lakini Novemba 2019 serikali ilitangaza kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuishtaki moja kwa moja huko. Binti wa Ngaramtoni anayetaka kulalamika nje ya mahakama za nchi, akishazimaliza zote za ndani, itabidi aanzie kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia.