Pombe: Usingoje Ini Likuambie

Siumwi popote. Kwa nini niache sasa?
Kwa sababu ini mara nyingi haliumi mapema. Linaweza kujaa mafuta, likavimba, likaanza kuweka makovu, na wewe bado unaamka unakwenda kazini kama kawaida. Hospitalini nawapokea watu macho yao yakiwa ya manjano, tumbo limejaa maji, wengine wametapika damu. Karibu wote husema: "Lakini sikuwa naumwa." Ndiyo, hukuwa unaumwa. Ulikuwa unaharibika. Mafuta kwenye ini mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache za kutokunywa. Makovu yakishatapakaa, kwa kawaida hayafutiki tena.

Nakunywa bia tu, sigusi pombe kali.
Piga hesabu. Nusu lita ya bia yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Mililita 50 za pombe kali ya asilimia 40 zina mililita 20. Ini halisomi lebo ya chupa.

Uraibu ni nini?
Ni pale unapotaka kujizuia ukashindwa, au unapoendelea kunywa huku ukiona madhara.

Nitajuaje kama naelekea huko?
Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze? Huwa unakasirika watu wakikusema? Umewahi kujuta kwa sababu ya unywaji wako? Unazimua asubuhi ndipo upate nguvu? Ukijibu ndiyo mara mbili, njoo uongee na mhudumu wa afya. Wiki hii, tafadhali, si baada ya sikukuu.

Mimi naweza kuacha wakati wowote.
Basi acha leo, siku 30, bila tone (ila kama unakunywa sana kila siku, soma kwanza onyo la kuacha ghafla hapo chini). Wanaoniambia maneno haya nikiwapa siku hizo 30 huanza kutafuta sababu: kuna harusi, kuna wageni, kuna mechi. Ukishindwa, umepata jibu, na umelipata mapema, wakati ini bado linaweza kupona.

Na kama hata sasa bado siumwi?
Ndiyo wakati wenyewe. Narudia: kutoumwa si kipimo cha ini.

Kuna mtu asiyepaswa kuacha ghafla?
Yupo: anayekunywa sana kila siku, hasa anayetetemeka au kutoka jasho asubuhi kabla hajanywa. Huyo akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Ndugu, msimfungie chumbani "mpaka pombe imtoke". Mpelekeni hospitali kabla hajaacha, apewe dawa za kumvusha siku hizo na vitamini B1.

Nikifika hospitali niseme nini?
Taja kiasi halisi, aina, na siku uliyokunywa mara ya mwisho. Wengi hututajia nusu, nasi tunawapangia dawa kwa nusu hiyo.