Ulimi hauna mipaka ya ladha

Ule mchoro wa vitabuni unaogawa ulimi, utamu nchani, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni, si sahihi, na inasikitisha kwamba bado unafundishwa. Chanzo chake ni utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901. Yeye aliona tofauti ndogo tu: baadhi ya sehemu za ukingo wa ulimi huhisi ladha fulani kwa wepesi kidogo kuliko nyingine. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Edwin Boring wa Harvard aliyachora upya matokeo hayo kwa namna iliyozikuza mno tofauti hizo, wasomaji wakadhani kila ladha ina eneo lake. Virginia Collings alipima tena mwaka 1974: tofauti zipo, ila ni ndogo sana.

Ladha zote tano huhisiwa popote penye vinundu vya ladha, pamoja na umami, ile ladha ya supu nzito ya nyama iliyobainishwa na mkemia Kikunae Ikeda nchini Japani mwaka 1908. Jaribu mwenyewe: weka chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi. Utaionja vilevile.

Pilipili je? Ule mwako si ladha kabisa. Hupokewa na neva za maumivu na joto, ndiyo maana hata jicho huwashwa.